Pumzi Ndani ya Shaba: Somo la Kwanza la Kulitunza Tarumbeta

Kilomita chache kutoka mji wa Gitega, kwenye kilima cha Gishora, zimehifadhiwa ngoma ambazo Warundi huzihusisha na enzi ya Mwami (mfalme) Mwezi Gisabo. Mzinga wa ngoma ya namna hiyo huchongwa katika mti uitwao kwa Kirundi umuvugangoma, kisha huwambwa ngozi ya ng'ombe na kukazwa kwa vigingi. Mwaka 2014 UNESCO iliiandika densi ya ibada ya ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Ngozi na mti hunywa unyevu wa hewa. Siku ya mvua ngozi hulegea na sauti hushuka; siku ya jua kali hukazika na sauti hupanda. Kwa sababu hiyo mtunza ngoma huitazama hali ya hewa kabla ya kitu kingine chochote.

Tarumbeta halinywi unyevu wa hewa, kwa kuwa ni chuma kitupu. Unyevu wake unatoka kwingine: unatoka kifuani mwa yule anayelipuliza. Mtu akilielewa jambo hili moja barabara, karibu kanuni zote za kulitunza tarumbeta zitamjia zenyewe, bila kuzikariri. Somo hili limekusudiwa mwanafunzi wa Gitega au Muyinga aliyekabidhiwa tarumbeta kwa mara ya kwanza, kanisani, shuleni au katika bendi, na ambaye hajawahi kulifungua.

Tuanze na umbo lake. Tarumbeta ni bomba moja refu lililokunjwa. Likinyooshwa lote, tarumbeta la kawaida hufikia takriban mita 1.4. Mwanzoni mwa bomba kuna kikombe kidogo cha chuma ambacho mpigaji hukiweka midomoni, tutakiita kipulizio. Baada yake linafuata bomba jembamba lililonyooka, nalo tutaliita bomba la kuingilia. Katikati ya ala kuna silinda tatu, na ndani ya kila silinda kuna pistoni, yaani mche wa chuma unaopanda na kushuka kidole kinapobonyeza. Mwishoni bomba hupanuka na kuwa mdomo mpana unaotoa sauti nje. Mpigaji anapopuliza, midomo yake hutetemeka ndani ya kipulizio, mtetemo huo huitikisa hewa iliyomo bombani, na hewa hiyo inayotikisika ndiyo tunayoisikia kama sauti. Chuma chenyewe ni ukuta tu wa kuizuia hewa. Ukuta huo ukivuja, au njia ikiziba kwa uchafu, sauti huharibika hata kama mpigaji ni hodari.

Chuma hicho ni shaba ya manjano. Shaba nyekundu ni metali inayochimbwa ardhini, kwa mfano huko Katanga, ambako kwa karne nyingi mafundi waliiyeyusha na kuimimina katika umbo la misalaba iliyotumika kama fedha. Peke yake ni laini, hupindika upesi. Ikichanganywa na metali nyingine iitwayo zinki hupata ugumu na rangi ya manjano. Matarumbeta mengi hutengenezwa kwa mchanganyiko wa takriban sehemu 70 za shaba nyekundu na sehemu 30 za zinki. Kuipuliza shaba si jambo geni Afrika Mashariki: Lamu kuna siwa ya shaba, baragumu kubwa lililopulizwa katika sherehe za wakuu wa mji karne nyingi kabla bendi za kisasa hazijafika. Jambo la kukumbuka hapa ni kwamba shaba ya manjano ina metali mbili ndani yake, na metali hizo mbili haziliwi kwa kasi moja. Tutalirudia jambo hili punde.

Sasa tuiangalie pumzi. Hewa inayotoka mapafuni ina joto la karibu nyuzi 34 za Selsiasi na imejaa mvuke wa maji. Hewa yenye joto huweza kubeba mvuke mwingi kuliko hewa baridi. Kwa nyuzi 34, mita moja ya ujazo ya hewa hubeba hadi gramu 38 hivi za mvuke. Kwa nyuzi 20 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 17 hivi. Hewa ya nyuzi 34 ikipoa hadi nyuzi 20, gramu zipatazo 20 katika kila mita ya ujazo hukosa pa kukaa, nazo hugeuka maji. Ndicho kinachotokea chini ya mfuniko wa sufuria.

Gitega iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Muyinga iko juu zaidi. Katika miji yote miwili asubuhi huwa na baridi, na tarumbeta lililolala sandukuni huamka likiwa na baridi hiyohiyo. Tukikadiria kwamba mwanafunzi hupuliza lita 10 za hewa kwa dakika, kwa saa moja hupitisha lita 600, sawa na sehemu 6 kati ya 10 za mita ya ujazo. Zidisha kwa gramu 20, utapata gramu 12, yaani zaidi kidogo ya vijiko viwili vya chai. Kwa kuwa bomba hupata joto kadiri mtu anavyoendelea kupiga, sehemu ya mvuke hutoka nje bila kugeuka maji. Hata hivyo kinachobaki kinatosha kuifanya sauti itokote kama kuna mapovu ndani. Wengi hudhani maji hayo ni mate. Mate yamo, lakini ni kidogo. Sehemu kubwa ni mvuke wa pumzi.

Maji safi peke yake yangeidhuru shaba polepole mno. Taabu ni kwamba maji hayo hayakai safi. Hewa tunayotoa ina gesi ya kabonidayoksaidi, ambayo ikiyeyuka majini huyapa uchachu hafifu. Mate nayo huja na chumvi, na mabaki ya chakula. Mwanafunzi aliyetoka kunywa soda, chai yenye sukari nyingi au urwarwa, yaani pombe ya ndizi, hupeleka sukari bombani. Sukari ni chakula cha vijidudu, na vijidudu vikila sukari hutoa asidi. Utando laini wenye rangi ya kijani au kijivu hujijenga ukutani mwa bomba, hushika maji yasikauke, na chini ya utando huo asidi hufanya kazi usiku kucha.

Hapa ndipo tunaporudi kwenye zile metali mbili. Zinki huungana na asidi kwa wepesi kuliko shaba nyekundu. Kwa hiyo maji machachu yakikaa bombani kwa muda mrefu, huinyofoa zinki na kuiacha shaba nyekundu peke yake, ikiwa imejaa vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Ukuta huonekana mzima kwa nje lakini umepoteza nguvu zake. Siku moja hujitokeza doa la waridi, mara nyingi kwenye bomba la kuingilia, kwa sababu hilo ndilo linalopokea pumzi ya kwanza yenye unyevu mwingi. Doa hilo limeanzia ndani. Kulisugua kwa nje hakulisaidii kitu.

Kutokana na maelezo hayo, kanuni ya kwanza inajitokeza yenyewe: kabla ya kupiga, sukutua kinywa kwa maji safi, na kama una mswaki piga mswaki. Watu huidharau kanuni hii kwa kuwa haigusi chombo chenyewe. Kwa maoni yangu ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, na haina gharama yoyote.

Kanuni ya pili ni kuyatoa maji. Kwenye mkunjo wa mbele wa bomba kuu, na mara nyingi kwenye bomba la pistoni ya tatu pia, kuna tundu dogo lililozibwa na kizibo chenye springi. Mpigaji hukibonyeza kizibo hicho na kupuliza bila kutoa sauti, na maji hutoka. Fanya hivyo kila sauti inapoanza kutokota, na zaidi ya yote fanya hivyo ukimaliza, kabla ya kulirudisha tarumbeta sandukuni. Kisha futa mwili wake wote kwa kitambaa laini cha pamba, kwa sababu jasho la mikono lina chumvi na uchachu, nalo huila vanishi, yaani ule utando unaong'aa unaoikinga shaba kwa nje.

Sasa tufike kwenye pistoni, sehemu inayohitaji uangalifu kuliko nyingine zote. Tarumbeta la zamani halikuwa nazo. Liliweza kutoa noti chache tu. Mwaka 1818 Heinrich Stölzel na Friedrich Blühmel walipata hataza huko Prussia kwa mtambo wa vali, na miaka ya 1830 François Périnet wa Paris akatengeneza pistoni za namna ambayo matarumbeta mengi huitumia hadi leo. Pistoni ina matundu yaliyopita ubavuni mwake. Ikiwa juu, pumzi hupita njia fupi. Ikibonyezwa, matundu mengine hukutana na bomba la nyongeza, njia hurefuka na sauti hushuka. Pistoni ya pili huishusha sauti kwa nusu toni, ya kwanza kwa toni nzima, na ya tatu kwa toni moja na nusu.

Ili pumzi isivuje, pistoni sharti iibane silinda yake. Ili kidole kiweze kuisukuma, sharti iwe huru. Mafundi hukidhi mahitaji haya mawili yanayopingana kwa kuacha nafasi ndogo mno kati ya pistoni na silinda, sehemu chache tu za mia za milimita. Unywele wa mtu una unene wa kati ya sehemu 5 na 10 za mia za milimita. Kwa hiyo unywele mmoja ukiingia hapo, pistoni yaweza kukwama. Nafasi hiyo hujazwa na mafuta mepesi. Mafuta hayo hufanya kazi tatu kwa pamoja: huzuia chuma kisisugue chuma, huziba njia ya hewa isivuje, na huikinga metali dhidi ya maji.

Si kila mafuta yanafaa. Mafuta ya pistoni ni mafuta ya madini, au ya maabara, yaliyo mepesi karibu kama maji. Mafuta ya kupikia hayafai hata kidogo: yakikaa hewani huungana na oksijeni na kuwa gundi. Mawese, ambayo Burundi hupatikana kwa wingi kutoka mwambao wa Rumonge, yana ubaya wa ziada, kwani huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 35 hivi, na asubuhi ya Gitega haifiki huko. Mafuta ya injini ni mazito kupita kiasi. Vaselini ni nzito zaidi. Mafuta ya taa ni mepesi, lakini hukauka haraka, na mvuke wake si wa kuvutwa na mtu anayepumua mdomoni mwa chombo. Kama duka la vifaa vya muziki liko mbali, mafuta safi ya cherehani yanaweza kukusaidia kwa muda, nayo yasifanywe mazoea.

Kutia mafuta kuna utaratibu wake. Fungua kifuniko cha juu cha pistoni moja tu, si zote tatu kwa pamoja. Ivute juu taratibu na kwa unyoofu, ifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, dondosha matone matatu au manne kwenye sehemu yake inayong'aa, kisha irudishe. Kila pistoni ina namba iliyochongwa, 1, 2 au 3, na kila moja hukaa katika silinda yake peke yake, kwani hata pistoni mbili zinazofanana machoni hazilingani kwa vipimo. Kuna pia jino dogo la kuiongoza, ambalo sharti liingie kwenye mfereji wake. Izungushe polepole hadi usikie jino limeingia, ndipo ukaze kifuniko kwa vidole. Mwanafunzi akirudisha pistoni kisha akapuliza na hewa isipite kabisa, tarumbeta halijavunjika. Matundu hayajakutana na mabomba, kwa sababu pistoni imekaa upande au imeingia silinda isiyo yake. Kwa mtu anayefanya mazoezi kila siku, kutia mafuta kila siku si kuzidisha.

Kuna adui mwingine wa pistoni, naye kwa msimu wake hutoka nje kweli. Kuanzia Juni hadi Agosti mvua hukatika, na udongo mwekundu wa barabara hugeuka vumbi. Ndani ya vumbi hilo mna chembe za kwatzi, madini yale yanayounda mchanga. Katika kipimo cha ugumu wa madini, kwatzi ina daraja la 7, na shaba ya manjano iko karibu na 3. Chembe kama hiyo ikinaswa kati ya pistoni na silinda huchora mfereji kila kidole kinaposhuka, na mfereji huo haufutiki. Kwa hiyo tarumbeta lisiwekwe kitandani bila kifuniko, wala lisining'inizwe ukutani kama pambo. Likisafirishwa, tuseme kutoka Gitega hadi Muyinga kupitia Karuzi nyuma ya pikipiki, liwe ndani ya sanduku lililofungwa, na lisikae juani, kwani joto kali huzikausha pistoni. Wala vitabu vya nyimbo visisukumizwe ndani ya sanduku juu ya tarumbeta. Uzito wa vitabu hivyo huangukia pistoni ya pili, na bomba lake hupinda.

Baada ya pistoni yapo mabomba telezi. Haya ni mabomba yanayoingia ndani ya mengine na kuweza kuvutwa nje, kubwa kuliko yote likiwa bomba la kusawazishia sauti. Ni vizuri kufahamu kwa nini lipo. Kasi ya sauti katika hewa hutegemea joto: kwa nyuzi 20 ni takriban mita 343 kwa sekunde, kwa nyuzi 30 ni takriban mita 349. Kasi ikiongezeka, sauti ya bomba hupanda. Tofauti hiyo ya nyuzi 10 hufikia karibu theluthi ya nusu toni, nayo husikika waziwazi ndani ya kwaya. Mpigaji hurekebisha kwa kulivuta bomba nje kidogo, njia ikarefuka na sauti ikashuka. Wako wanaodhani kwamba tarumbeta hubadili sauti kwa sababu ya urefu wa milima. Mlima hupunguza kanieneo ya hewa, lakini kasi ya sauti haibadiliki kwa hilo. Kinachoibadilisha ni baridi ya mlimani.

Bomba lisilovutwa kwa miezi hushikana. Chumvi na ile kutu ya kijani ya shaba hujaza nafasi yake na kuliunganisha na mwenzake. Kinga ni kulitoa walau mara moja kwa wiki, kulifuta, na kulipaka grisi nzito. Hapa vaselini, iliyokataliwa kwenye pistoni, inakubalika. Ukivuta bomba la pistoni fulani, bonyeza kwanza pistoni hiyo. Usipoibonyeza, hewa ya ndani haina pa kuingilia. Nafasi inapanuka, kanieneo yake inashuka, na hewa ya nje inalisukuma bomba lirudi. Ukilazimisha, unaumiza viungo vilivyolehemiwa.

Mara moja kwa mwezi au hivi, tarumbeta huoshwa lote. Toa pistoni na mabomba telezi, uvipange juu ya kitambaa kwa mpangilio wake. Tumia beseni la plastiki lililotandikwa taulo, maji ya uvuguvugu wa nyuzi 35 hadi 40 na sabuni laini ya maji. Maji ya moto yaweza kuibandua vanishi. Ndani ya mabomba pitisha brashi ndefu inayopindika, na zaidi kwenye bomba la kuingilia, ambako utando hupenda kujijenga. Pistoni zioshwe upande wa chini tu, ili vile viduara laini vya sufu iliyoshindiliwa vilivyo juu visilowe. Vikilowa huvimba, na matundu ya pistoni hayatakutana sawasawa na mabomba. Suuza kwa maji safi, acha vikauke kabisa, ndipo utie grisi na mafuta.

Kipulizio huoshwa mara kwa mara zaidi, kila wiki, kwa sabuni na brashi ndogo. Hakikazwi kwa kugongwa kwa kiganja. Shina lake limechongoka kidogo, na kitu kilichochongoka kikipigwa kiingie kwenye tundu lenye mchongoko uleule hushika kwa nguvu kubwa mno. Kiingize, kizungushe kidogo, basi. Kikikwama, koleo lisitumike kamwe, kwani litalisokota bomba la kuingilia. Mafundi wana kifaa maalumu cha kukitoa.

Kuhusu nje ya tarumbeta ninao ushauri mmoja tu, nao unakwenda kinyume na desturi ya jikoni. Vyombo vya shaba husuguliwa kwa majivu, mchanga au limau, navyo hung'aa. Vinang'aa kwa sababu tabaka la juu limeondolewa. Limau ni asidi, na mchanga ni ile kwatzi tuliyoitaja. Sufuria ina unene wa kuvumilia hayo; ukuta wa tarumbeta, katika sehemu nyingi, una karibu nusu milimita tu.

Mwanafunzi afahamu pia mipaka ya mikono yake. Mbonyeo mdogo kwenye mdomo mpana haubadilishi sauti sana na unaweza kusubiri. Mbonyeo kwenye bomba la kuingilia au kwenye silinda hauwezi. Kiungo kilichoachia kinahitaji lehemu, na gundi ya dukani haitakishika. Zile alama za waridi zikionekana kwenye bomba la kuingilia, zungushia kila moja mstari kwa kalamu na uitazame baada ya miezi kadhaa. Ikiwa haijapanuka, usafi unatosha kuizuia. Ikiwa imepanuka, fundi anaweza kulitoa bomba hilo peke yake na kulehemu jipya, na sehemu nyingine zote za tarumbeta zikaendelea kutumika.